Majeraha Arobaini na Moja ya Kinuni

Anayesafiri kwa miguu hafiki Taharukini. Anayesafiri kwa masikio hufika kabla chai yake haijapoa. Nchi hiyo imelala baina ya milima miwili, Nasikia upande wa mashariki na Nimeambiwa upande wa magharibi, na katikati yake unapita mto Inasemekana, ambao hapana aliyepata kuiona chemchemi yake wala kujua unakwenda kumwaga wapi, ijapokuwa kila nyumba inayanywa maji yake asubuhi na jioni. Ardhi yake ina rutuba, hewa yake ina afya, na wenyeji wake ni watu wakarimu, wasafi, wenye huruma nyingi isiyokuwa na kazi. Mgeni akijikwaa mlangoni kwao, watu kumi hutoka mbio: mmoja kumwinua, na tisa kumuuliza alijisikiaje wakati anaanguka.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo upo Uwanja wa Mdomo Wazi, na ndani ya uwanja lipo jukwaa la mawe ambapo habari za nchi husomwa kwa sauti baada ya kupulizwa mbiu, nayo ni pembe la nyati lenye mlio wa kumtoa mtu kitandani na shuka yake. Habari zisizo na damu zilikuwa na saa yake, saa saba mchana, jua likiwa utosini, na msomaji wake alikuwa mzee mmoja mwenye mafua ya kudumu. Mwaka ule daraja la Inasemekana lilipokamilika baada ya kazi ya miaka kumi na mmoja, habari hiyo ilisikilizwa na mbuzi watatu, na mmoja wao aliondoka kabla ya mwisho. Mwalimu Elimu bin Juhudi alisomesha miaka arobaini asitajwe hata siku moja. Lakini ngazi ilipomwangukia kichwani alipigiwa mbiu siku saba mfululizo, na wale aliowafundisha kusoma wakaja mbio kuuliza ngazi yenyewe ilikuwa na vipago vingapi.

Habari za damu zilikuwa jambo jingine. Hizo zilisomwa asubuhi, hewa ikiwa baridi na masikio yakiwa mapya, na zilikuwa na masharti mawili ambayo watu wa Taharukini waliyashika kwa uaminifu kuliko walivyoshika ahadi za ndoa. Sharti la kwanza, mpiga mbiu aanze kwa kusema, "Nimeona kwa macho yangu mawili," hata kama siku ya tukio alikuwa kitandani na homa. Maneno hayo yalikuwa yamesemwa mara nyingi kiasi kwamba hapana aliyeyasikia tena. Sharti la pili, habari ya damu isomwe siku saba, na kila siku iwe na kitu ambacho jana hakikuwamo, kwa kuwa habari iliyolala, walisema wenyewe, inanuka kama wali wa juzi.

Mkuu wa Mbiu zama hizo alikuwa Kuza bin Chochea, mtu mwenye kifua kipana, sauti ya kufika ng'ambo ya mto, na miguu iliyovimba kwa kusimama miaka mingi juu ya mawe. Msidhani alikuwa mtu mkali. Nyumbani kwake, kuku akitaka kuchinjwa, Kuza alitafuta udhuru akatoka uani mpaka kelele ziishe. Na msikilizaji mkuu wa zama hizo alikuwa Bi Shauku binti Ngoja, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kukosa mbiu ya damu hata moja. Alikuwa na kigoda chake mwenyewe mbele ya jukwaa, hakikaliwi na mtu mwingine, na mapajani alipakata kiteo, ungo mdogo wenye ukingo mwekundu, akimenya karanga zake na kuzipepeta huku akisikiliza.

Basi Jumatatu moja asubuhi, kwenye kinu cha kushindikia mafuta ya ufuta, nje kidogo ya mji, mwenye kinu akiwa amekwenda kumnywesha punda wake, watu wawili waligombania zamu. Mmoja alikuwa Hamaki bin Ghadhabu, mtu mwembamba, mwenye kikohozi, ambaye hapo nyuma alikuwa hajampiga hata paka. Mwingine alikuwa msusi wa nyungo, mume wa Stara binti Sitiri. Yalisemwa maneno matatu ambayo hayakustahili kusemwa. Hamaki akaushika mti wa kuzungushia kinu, akapiga mara moja, nyuma ya sikio. Kisha akautupa mti, akaketi chini, akashika kichwa chake kama kwamba aliyepigwa ni yeye, na hivyo ndivyo askari walivyomkuta. Aliyeshuhudia alikuwa mtu mmoja tu, Msaada bin Jirani, mchukuzi wa maji, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe. Huyu alipiga kelele, akatua mitungi yake, akambeba majeruhi mgongoni, akachechemea naye mwendo wa nusu saa hadi nyumbani kwa Stara. Kwa sababu hiyo yule msusi wa nyungo hakufa mavumbini. Alikufa adhuhuri, juu ya mkeka wake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Hayo ndiyo yaliyotukia, yote, wala hayakuzidi.

Alasiri Kuza bin Chochea alifika mlangoni kwa Stara, na nyuma yake watu kiasi cha mia mbili.

"Pole, bibi," akasema.

"Nimeshapoa."

"Moyo wako unajisikiaje?"

Stara alimtazama kama mtu anavyotazama mlango uliofunguka wenyewe. "Nataka kukaa," akasema.

"Utakaa, nani wa kukuzuia? Lakini kama ungeweza kulia kidogo kwa sauti, ingefaa. Wale wa nyuma hawasikii."

"Wale wa nyuma ni akina nani?"

"Wananchi. Wamekuja kuomboleza nawe."

"Mbona wamekuja na karanga?"

Kuza akageuka, akaona kweli wamekuja na karanga. "Wametoka mbali, bibi," akasema. "Njaa."

Stara akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Kesho yake Kuza akapanda jukwaani, pembe likalia, akasema, "Nimeona kwa macho yangu mawili: mtu amepigwa pigo moja kinuni, amekufa, na mjane wake amerukwa na akili, amejifungia ndani." Watu wakasikiliza, wakangoja. Walipoona hapana zaidi wakaanza kutawanyika kumfuata muuza kahawa. Bi Shauku ndiye aliyebaki, anakung'uta maganda.

"Pigo moja tu?" akamuuliza Kuza, bila hasira, kama anayemuuliza muuza samaki kama hana wakubwa zaidi. "Ndugu yangu, hata mimi mume wangu nimempiga zaidi ya hapo, na yuko nyumbani anakula."

Siku ya pili mapigo yakawa manne. Siku ya tatu yakawa tisa, na ule mti wa kinu ukageuka shoka. Siku ya nne majeraha yalikuwa kumi na saba, na Maiti wa Kinuni, kwa kuwa hilo ndilo jina alilopewa na mbiu, alikuwa ametamka maneno ya mwisho marefu kiasi kwamba mtu mzima asingeweza kuyamaliza bila kunywa maji. Siku ya tano Bi Shauku alifika amechelewa, akamgusa bega jirani yake.

"Leo ni mangapi?"

"Ishirini na tatu."

"Jana si yalikuwa kumi na saba? Yanazaana kaburini?"

"Nyamaza, dada, tusikie. Sasa wamefika kwenye utumbo."

Ikawa watoto wa Taharukini walipocheza, mmoja alikuwa Hamaki, mmoja alikuwa maiti, na waliobaki walikuwa wapiga mbiu. Na waliogombana waligombania kuwa wapiga mbiu.

Lakini siku ya sita Kuza alipatwa na dhiki. Watu walikuwa wamekwenda gerezani kumchungulia Hamaki, wakarudi wamenuna, kwa sababu walikuta kijitu kinakohoa na kuomba blanketi. Mtu kama yule, walisema, hawezi kutia majeraha ishirini na tatu. Angechoka kwenye la nane. Ama Kuza apunguze majeraha, ama aongeze muuaji. Na katika historia yote ya Taharukini, hapana habari iliyopata kupunguzwa. Kuza alifumba macho juu ya jukwaa, akakumbuka kwamba mtu fulani alimwambia juu ya matone ya damu yaliyoonekana njiani kutoka kinuni, na pembeni yake nyayo, moja nzito na moja nyepesi.

"Nimeona kwa macho yangu mawili," akasema, "yuko muuaji wa pili. Yuko miongoni mwetu. Anachechemea."

Inasemwa kwamba asubuhi hiyo watu wote wa nchi walitembea wima kama askari wa gwaride, hata wenye vigimbi vilivyokaza na wenye miiba nyayoni, na bibi kizee mmoja wa mtaa wa chini ya mlima Nimeambiwa, ambaye alikuwa hajainuka kitandani miaka sita, alionekana anakwenda sokoni bila mkongojo. Mtu mmoja tu hakuweza kujinyoosha. Kabla ya adhuhuri Msaada bin Jirani alikuwa amekamatwa na umati, shati lake la kazi limetolewa kwenye kamba ya nguo, na mgongoni mwa shati hilo pameonekana doa la damu lililokataa kufuliwa. Siku ya saba majeraha yalifika arobaini na moja, nayo yakafungwa hapo; na sheria ya nchi ilisema kwamba anayeua kwa majeraha zaidi ya arobaini ananyongwa, pamoja na wasaidizi wake wote. Kesi ikawekwa siku ya tisa, na kitanzi kikasukwa siku ya nane, ili kuokoa muda.

Mbiu hiyo ilipita chini ya dirisha la Stara, ambaye alikuwa amekaa eda na wifi yake, Hadhari binti Woga.

"Wamemkamata nani?" Stara akauliza.

"Mchukuzi wa maji. Yule kiguru."

Stara alimkumbuka. Huyo ndiye aliyeingia mlangoni mwake siku ile, anahema, hawezi kusema, akamlaza mumewe juu ya mkeka kama anayelaza mtoto mchanga, kisha akarudi nyuma kinyumenyume mpaka nje ili asiwape mgongo. Alikuwa hata hajapewa maji ya kunywa. Stara akainuka, akachukua ushungi wake.

"Unakwenda wapi?" Hadhari akashtuka. "Wifi, uko edani. Siku ya nane tu hii. Watu watasema."

"Wamekwisha sema kwamba nina wazimu. Mwenye wazimu hana eda."

"Na ukifika huko utafanya nini? Mahakama yenyewe inasikiliza mbiu."

"Basi nami nitaisikiliza," alisema Stara. "Lakini mimi nitaisikiliza neno kwa neno."

Alikwenda kwa kadhi, akaomba ruhusa ya kuhudhuria, akaipata, kwa kuwa kadhi hakuona madhara ya mjane mwenye wazimu katika kesi iliyokuwa imekwisha. Mlangoni mwa mahakama palikuwa na ubao wa mninga ambao waasisi wa nchi waliuchonga maneno haya: ALIYEONA DAMU IKIMWAGWA ASIPAZE HATA SAUTI, AMEIMWAGA NAYE, NA ADHABU YAO NI MOJA. Maelfu walipita chini ya ubao huo, lakini kila aliyepita alikuwa anatazama nyuma kuona ni nani wengine waliokuja. Stara hakuwa na mtu wa kumtazama. Alisimama, akausoma mara mbili, akarudi nyumbani kulala.

Siku ya tisa mahakama ilijaa mpaka madirishani. Bi Shauku alileta kigoda chake na kiteo chake. Kadhi Yakini bin Uvumi aliketi juu ya kiti chenye matakia saba, mbele yake limewekwa daftari la mbiu, kwa maana katika Taharukini daftari hilo ndilo lililokuwa ushahidi mkuu. Maiti, walisema, huonwa na wachache na mara moja, lakini mbiu imesikiwa na wote.

Aliitwa kwanza Mzee Hakika bin Macho, aliyemwosha marehemu.

"Majeraha ulihesabu mangapi?" kadhi akauliza.

"Moja, maulana. Nyuma ya sikio, ukubwa wa kokwa la embe."

"Mzee Hakika, unavaa miwani?"

"Ya kusomea, maulana. Maiti simsomi, namwosha kwa mikono."

Watu wakacheka, na kadhi akangoja wanyamaze. "Wewe ni mmoja," akasema kwa upole, "na waliosikia arobaini na moja ni watu elfu sita. Je, ni haki jozi moja ya mikono ishinde jozi elfu sita za masikio?"

"Hayo masikio elfu sita, maulana, yalisikiliza mdomo mmoja."

Maneno hayo yalifutwa kwa kukosa adabu. Akaletwa Hamaki, pingu zinamzidi mikono. Akasema kwamba alipiga mara moja, kwamba alikuwa peke yake, kwamba mchukuzi wa maji hana kosa, na kwamba yeye mwenyewe haombi kusamehewa. Umati ulimzomea. Sauti ikatoka dirishani: "Ondoka hapo! Hata kuua hujui!" Naye Hamaki akainamisha kichwa, kama kwamba hilo pia lilikuwa kweli.

Msaada bin Jirani alipoulizwa kwa nini shati lake lina damu, alisema, "Nilimbeba."

"Kwa nini ulimbeba?"

Msaada akatafuta jibu, asilione, kwa sababu alikuwa hajawahi kufikiri kwamba jambo hilo lina sababu. "Alikuwa chini," akasema mwishowe. Karani akaandika kwamba mshtakiwa ameshindwa kujieleza.

Hapo Stara aliomba kumuuliza Mkuu wa Mbiu maswali machache. Kuza akasimama kizimbani kwa furaha iliyopambwa na huzuni, akarekebisha kilemba chake.

"Bwana Kuza," Stara akaanza, "hayo uliyoyatangaza, uliyaona?"

"Niliyaona, bibi, kwa macho yangu mawili."

"Siku zote saba ulisema hivyo?"

"Siku zote saba. Imo daftarini."

"Ulisimama mbali?"

Kuza alijua kwamba umati haupendi mpiga mbiu aliyesimama mbali. "Hatua tatu," akasema. "Damu ilinirukia kiatuni."

Watu wakaguna kwa ridhaa. Hilo la kiatu lilikuwa jipya.

"Pigo la kwanza lilipoanguka, ulifanya nini?"

"Niliangalia."

"La pili?"

"Niliangalia, bibi. Ndiyo kazi yangu."

"La kumi?"

"Niliangalia."

"La ishirini, ulimwita mtu? Ulimshika mmoja wao mkono? Ulisema hata, 'Jamani, basi'?"

Kuza akatabasamu kidogo. "Ningesema vipi? Nilikuwa nahesabu."

"Ukahesabu mpaka arobaini na moja, hatua tatu kutoka kwa mume wangu, na sauti hiyo uliyonayo inayovuka mto usiitoe." Stara akamgeukia kadhi. "Maulana, mimi sijui sheria. Lakini nilipokuwa naingia nimesoma ubao ulio juu ya mlango wako. Naomba karani akausome kwa sauti, maana nasikia nina wazimu, na huenda nimesoma vibaya."

Karani akatoka. Walimsikia anavuta ngazi, anapangusa vumbi, anapiga chafya. Kisha akasoma neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza katika mahakama ile, hapana aliyetafuna. Kadhi Yakini alitazama dari, akatazama daftari, akamtazama Kuza, na wote walijua alichokuwa anakitazama: wauaji wawili daftarini wamekuwa watatu.

"Bwana Kuza," Stara akasema, na sauti yake haikupanda, "kama uliona, basi wewe ni mwenzao na kitanzi mtagawana. Kama hukuona, basi hapana majeraha arobaini na moja, hapana muuaji wa pili, na huyu mchukuzi wa maji arudi kwenye mitungi yake. Chagua. Mimi sina haraka, niko edani."

Kuza bin Chochea alifungua mdomo ambao haukuwahi kukosa neno tangu alipoachishwa ziwa, na mdomo ukabaki wazi bila kitu ndani. Jasho likashuka kutoka kilembani.

"Sikuwako," akasema.

"Sema kwa sauti," Stara akamwambia. "Wale wa nyuma hawasikii."

"Sikuwako! Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeloweka miguu kwenye maji ya moto."

"Na siku zote saba ulisema umeona?" aliuliza kadhi, na safari hii aliuliza kwa kutaka kujua.

"Maulana, tangu nishike pembe, miaka kumi na tisa, sijawahi kuiona hata damu ya kuku."

Umati ukanyamaza kimya cha mtu aliyegundua kwamba amekula kitu asichokijua. Aliyekivunja alikuwa Bi Shauku, amesimama na kiteo chake kifuani. "Basi yale majeraha," akasema, "yalitoka wapi?"

Kuza akamtazama, na katika uso wake hamkuwa na hasira, bali uchovu wa miguu na wa kitu kingine. "Kwako, Bi Shauku," akajibu. "Siku ya kwanza nilisema pigo moja, na pigo moja ndilo lililokuwako. Wewe uliniambiaje? Mkapiga miayo, mkaniacha nimesimama juu ya mawe kama mti. La pili na la tatu ni ya kwako. Mengine tuliyatia pamoja."

Bi Shauku aliketi. Wako waliosema kwamba alikosa kigoda kidogo, lakini mimi sitaki kuongeza.

Kadhi Yakini bin Uvumi alitoa hukumu yake kabla ya sala ya adhuhuri, na ilikuwa fupi, pengine kwa sababu yeye mwenyewe, katika kumsimulia mkewe, alikwisha kufikisha majeraha arobaini na manne. Hamaki alihukumiwa kwa pigo moja, kama alivyopiga, akapelekwa kutumikia miaka yake gerezani, naye akashukuru na kuomba blanketi. Msaada bin Jirani alifunguliwa kamba mikononi. Kadhi alimuuliza kama ana neno la kuiambia mahakama.

"Mitungi yangu bado iko kinuni," alisema Msaada. "Sijui kama imesalimika." Akatoka, anachechemea katikati ya watu waliompisha njia kwa wingi kuliko alivyohitaji; na mlangoni wengi walimwomba radhi, na mmoja akamuuliza alijisikiaje alipoona kitanzi, lakini huyo alikanyagwa mguu na mwenziwe.

Ama kuhusu Kuza, kadhi hakumnyang'anya pembe. Aliamuru kwamba tangu siku ile habari ya damu, kabla ya kusomwa uwanjani, isomwe kwanza mlangoni kwa wafiwa, msomaji akiwa ameketi chini na kilemba amekivua. Na neno lolote atakaloshindwa kulitamka hapo, asilitamke popote. Na wa kwanza kuifuata sheria hiyo awe Kuza, na habari ya kwanza iwe hii.

Alasiri ileile Kuza akafika mlangoni kwa Stara. Hapakuwa na mtu nyuma yake. Akavua kilemba, akaketi vumbini kwa taabu, miguu imemvimba, na Stara akaketi ndani nyuma ya pazia.

"Nimeona kwa macho..." Kuza akaanza, kwa mazoea, akakoma. Alijaribu upande mwingine. "Shoka..." akasema, akakoma tena. Kila neno alilolileta mpaka kwenye meno lilitazama lile pazia likarudi lilikotoka. Majeraha arobaini yalipita hivyo, moja moja, bila kusikika, mpaka likabaki moja. Hilo alilisema. Pazia halikutikisika.

"Endelea," alisema Stara.

"Sina zaidi, bibi. Nimebakiwa na hilo tu, na sijui niweke nini pembeni yake." Alikaa kidogo. Kisha akauliza swali ambalo kwa siku tisa hapana aliyeliuliza, si uwanjani, si mahakamani, wala wewe uliyenifuata mpaka hapa: "Mumeo alikuwa akiitwa nani?"

Stara akamwambia, na baada ya jina alimwambia mambo mengine machache, ambayo Kuza aliyasikiliza mpaka mwisho, na alipoondoka alikuwa anatembea polepole kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa.

Asubuhi yake pembe likalia, na Uwanja wa Mdomo Wazi ukajaa kuliko siku zote, maana watu walitaka kumwona Mkuu wa Mbiu aliyeaibika. Kuza akapanda jukwaani, kilemba mkononi.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," akasema, "Azizi bin Adimu, msusi wa nyungo, alipigwa mara moja kinuni, akafa adhuhuri nyumbani kwake, mkewe amemshika mkono. Aliyempiga amekiri. Aliyembeba ni Msaada bin Jirani. Mjane wake ana akili timamu. Marehemu alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, alikuwa akiimba kwa pua wakati wa kazi, na kila ungo aliousuka alimalizia ukingo wake kwa ukindu mwekundu, kwa sababu mkewe alipenda rangi hiyo. Nimemaliza."

Watu wakangoja. Kuza akavaa kilemba chake.

"Hilo tu?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Hilo tu."

Hapana aliyeondoka. Walisimama hivyo, hawajui la kufanya na mikono yao, na katika safu ya mbele, juu ya kigoda chake, Bi Shauku binti Ngoja alikuwa ameinama anatazama mapajani. Alizimwaga karanga zote ndani ya kanga yake, moja isibaki. Kisha akakipangusa kiteo kwa kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole taratibu juu ya ule ukingo mwekundu, akazunguka nao mpaka aliporudi pale alipoanzia.